Kabla ya Noti Kulikuwa na Veranda

"Taja vizuizi vitano vya ubunifu. Alama 10."

Hilo swali lilinikuta mwaka wa pili chuoni, kwenye CAT ya somo la lazima kuhusu fikra bunifu. Tulikuwa karibu watu mia mbili ndani ya ukumbi wa watu mia, wengine wameandikia kwa magoti. Vizuizi vyote vitano nilikuwa nimevikariri kutoka kwa noti za fotokopi ambazo, ukiangalia tarehe kwa ukurasa wa kwanza, zilichapwa nikiwa bado nasery. Nikaandika vinne kama vilivyo. Cha tano nikaandika changu: "Mtihani kama huu."

Nilipata nane kwa kumi. Cha tano kilikatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni lekchara akaandika: "Haiko kwa noti."

Sijaja hapa kumsema huyo lekchara. Alikuwa analipwa kwa saa, anatoka kampasi moja anakimbilia nyingine na matatu, na kuna muhula mzima alifundisha bila kuona shilingi. Akisahihisha karatasi mia mbili usiku, mnataka afikirie jibu langu la ujanja saa ngapi? Alikuwa na mwongozo wa kusahihisha na aliufuata. Hata mimi ningeufuata.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Si kwa sababu ya hilo swali, msinianzie. Ilikuwa ni karo, ilikuwa ni mkopo wa chama ambao mamangu alichukua na hakuweza kurudia, na ukweli usemwe, ilikuwa pia ni uvivu wangu. Lakini hilo swali halijawahi kunitoka kichwani, na mwaka huu limerudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Mdogo wangu yuko Gredi ya 9. Lazima achague mkondo wa sekondari ya juu, na amesema anataka Sanaa na Michezo. Anachora. Mamangu alimsikiliza, akamaliza chai yake, kisha akasema bila kupandisha sauti: "Sanaa ni ya mtu ambaye ameshiba. Muulize ndugu yako imemfikisha wapi."

Nilikuwa nimekaa hapo hapo. Sikuwa na jibu, kwa hivyo nilifanya kile ninachofanya kila nikikosa jibu: nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kama kuna siku hapa kwetu chuo kilishawahi kumfundisha kijana kufikiria kwa ubunifu, au sisi tulianza na noti moja kwa moja.

Kumbe kipo. Na kilianzia kwenye veranda ya nyumba ya mtu.

Turudi Kampala. Makerere ilifunguliwa mwaka 1922 na wanafunzi 14, na walichofundishwa ni useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Ndivyo serikali ya kikoloni ilivyoona kazi ya Mwafrika aliyesoma: mikono. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki na kusisitiza elimu iwe ya vitendo, ya kilimo na ufundi. Mimi sina shida na ufundi. Shida ni kwamba seremala alifundishwa kupiga randa mbao ya kiti ambacho mtu mwingine ameshakichora. Kufikiria kiti kiweje, hiyo haikuwa kazi yake.

Sasa mwaka 1929 anakuja Kenya mwanamke Mwingereza anaitwa Margaret Trowell, mke wa daktari wa serikali. Alikuwa amesomea sanaa Slade, shule yenye jina kubwa pale London, kisha akasomea ualimu. Hapa Kenya aliishi Ukambani na akawa anachunguza jinsi watu wanavyochonga na kusuka. Mwaka 1935 mumewe akahamishiwa Uganda, hospitali ya Mulago. Na mwaka 1937, kwenye veranda ya nyumba yao, mama akaanza darasa la kuchora. Watu wachache. Hakuna cheti, hakuna mtihani.

Angalia tarehe. Mwaka huohuo wa 1937 tume nyingine, ya De La Warr, ilipendekeza Makerere ipandishwe ielekee kuwa chuo kikuu. Kwa hivyo wakubwa walikuwa wanabishana kuhusu majengo na digrii, na huku kando, mlimani, watu wameketi kwenye veranda na rangi.

Alifundisha vipi? Hapa ndipo niliposimama nikasoma mara ya pili. Hakuweka chungu mezani akawaambia wachore chungu. Hakuwapa picha ya mzungu waige. Aliwasimulia. Anachukua jambo wanalolijua kutoka kwao, anawaeleza kwa maneno, wao wanaliona kichwani kwanza, kisha ndiyo wanashika brashi. Picha inatoka ndani.

Hakuibuni hiyo njia mwenyewe. Mwalimu wake London, Marion Richardson, alikuwa ameitumia miaka mingi kwa wasichana wa Dudley, mji wa viwanda na moshi. Richardson alikuwa anawaambia wafunge macho, anawasimulia kitu, labda densi ya Warusi aliyoiona London ambayo wale wasichana hawangeweza kuiona, halafu anawaacha wachore walichokiona wakiwa wamefunga macho. Kwa hivyo njia iliyoanzisha sanaa ya chuo Afrika Mashariki ilitoka kwa watoto wa wafanyakazi wa Uingereza. Sijui mbona hiyo inanifurahisha lakini inanifurahisha.

Hebu fikiria hiyo ilikuwa na maana gani mwaka 1937. Shule zetu wakati huo, na tuseme ukweli hata sasa, ni mwalimu anasema, wewe unarudisha. Jibu liko kwake. Wewe kazi yako ni kulifikia. Halafu unaenda mahali mwalimu anasimulia soko, wanafunzi kumi wanafunga macho, na soko kumi tofauti zinatokea. Huwezi kuwa na mwongozo wa kusahihisha hapo. Mwalimu mwenyewe hajui kitakachotoka. Lazima aangalie kila moja na amuulize mwenye picha: hii umeiweka hapa kwa nini? Na mwenye picha lazima awe na sababu. Mimi nikiulizwa leo fikra bunifu ni nini, ningesema ni hilo swali na huo ulazima wa kulijibu. Nyinyi mkiwa na maelezo bora mniambie.

Mwaka 1938 kazi zao zikaonyeshwa Namirembe. Mwaka 1939 zikaonyeshwa London. Polepole veranda ikaingia Makerere na kuwa shule ya sanaa. Na kuna jambo moja dogo ninalolipenda sana: kuanzia 1941 vitu vya Makumbusho ya Uganda vilihamishiwa kwenye hiyo shule ya sanaa, vikakaa huko hadi miaka ya 1950 makumbusho yalipopata jengo lake Kitante. Trowell ndiye aliyekuwa anayatunza miaka hiyo ya mwanzo. Kwa hivyo mwanafunzi alikuwa anachora hapa, na pale karibu kuna ngoma, vikapu, ngao na vyungu vya watu wake, si kama mapambo ya hoteli, ni kama vitabu vya maktaba. Mnakijua chuo chochote chetu leo chenye hiyo?

Sasa nije kwa mtu aliyenifanya niandike hii yote.

Mwaka juzi nilienda Kampala na basi la usiku kwa kazi ya video. Kulikucha nikiwa nimechoka, nikatembea hadi kwenye Mnara wa Uhuru, pale Nile Avenue. Kama hujauona: ni sanamu refu la saruji, mtu mzima ambaye mwili wake umezungushiwa mikanda kama kitu kilichofungwa kinachofunguliwa, na juu ameinua mtoto aliyenyoosha mikono hewani. Uhuru wa Uganda wa 1962, hiyo ndiyo picha yake. Nikamuuliza jamaa wa boda aliyekuwa ameegesha karibu kama anajua nani aliichonga. Akasema, "Muganda tu, ssebo, nani mwingine?" Sikumcheka, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimejua siku mbili tu kabla.

Ni Mkenya. Anaitwa Gregory Maloba, alizaliwa Mumias mwaka 1922. Mwaka uleule Makerere ilipofunguliwa na wale mafundi 14. Aliingia shule ya Trowell mapema miaka ya 1940, akaenda kusoma zaidi Uingereza, akarudi akawa mwalimu palepale alipofundishwa. Nimesoma historia shule ya msingi na sekondari, nimekariri makongamano ya Lancaster House yote kwa mpangilio, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kunitajia Maloba. Mtu wa Mumias ndiye aliyewapa Waganda picha ya uhuru wao, na sisi Mumias tunaijua kwa sukari.

Si yeye peke yake. Sam Ntiro, Mchaga kutoka Tanganyika, alisoma Makerere miaka ya 1940. Alichora watu wa kwao wakilima, wakivuna, wakibeba pombe ya ndizi usiku kumpelekea bibi harusi. Hiyo ya pombe ya ndizi Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York iliinunua mwaka 1960. Tanganyika ilipopata uhuru, Nyerere akamtuma Ntiro London awe balozi. Mchoraji! Leo ukisema unasomea sanaa unaulizwa kama utaandika mabango ya kinyozi. Na mkewe Sarah Nyendwoha ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata digrii, aliipata Oxford, lakini huyo anahitaji posti yake mwenyewe.

Hadi hapo inaonekana kama naandika sifa za mama mzungu aliyekuja kutuokoa. Ngoja basi.

Trowell alikuwa na imani moja ambayo alipokuwa akiendelea ilimfunga. Aliamini Mwafrika ana namna yake ya asili ya kuona, na kwamba akionyeshwa sana picha za Ulaya ataharibika. Kwa hivyo aliwalinda. Namna ya kuonyesha umbali kwenye picha hakutaka kuwakazania, aliona itakuja yenyewe kama itakuja. Sanaa ya Ulaya akaipunguza mbele ya macho yao. Nia nzuri, nakubali. Ukilinganisha na wakoloni waliosema hatuna sanaa kabisa, huyu alikuwa upande wetu.

Lakini keti kwenye kiti cha mwanafunzi. Una miaka 22, umefika chuo kikubwa kuliko vyote eneo hili, na mtu aliyesoma Slade, aliyeona kila kitu London, anakuambia wewe usione sana ili ubaki Mwafrika. Nani amemwambia Mwafrika ni nini? Yaani amekuambia ufunge macho uone chako, halafu kwenye mfuko wake ana orodha ya vitu ambavyo ni vyako. Hapo jibu limerudi kwa mwalimu. Ni mwongozo wa kusahihisha tu, ila umeshonwa kwa kitenge.

Aliondoka mwaka 1958. Nafasi yake ikachukuliwa na Cecil Todd, ambaye alikuwa amefundisha Afrika Kusini, na huyo akaja na mambo mengine kabisa. Nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya dunia nzima, kujua vifaa vyenyewe, kuchora kwa kutazama. Aliona Trowell amewafungia wanafunzi kabatini. Kuna watu mpaka leo wanabishana: Trowell aliwaachia Uafrika, Todd akaleta Uzungu. Nimesoma hoja za pande zote na kwa maoni yangu huo ubishi unakosea mahali. Todd alifungua kabati, ndiyo, na hiyo ilikuwa haki ya wanafunzi. Lakini na yeye alikuwa anajua kipi cha kisasa na kipi si cha kisasa kabla mwanafunzi hajafungua mdomo. Mmoja ana jibu linaitwa asili, mwingine ana jibu linaitwa kisasa. Mwanafunzi yuko katikati anatafuta alama.

Mtu mmoja wa wakati wa Todd lazima nimtaje kwa sababu anavunja hizo kambi. Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tanganyika, alifundisha sanaa Makerere kuanzia 1960. Alipenda kuchora wanyama. Si kuchora tu, alikuwa anataka kujua misuli ikoje chini ya ngozi, kwa nini uso wa nyani huyu una rangi hii. Kutoka hapo akatoa vitabu vikubwa vya mamalia wa Afrika Mashariki, cha kwanza mwaka 1971, ambavyo wanasayansi wanavitumia. Lekchara wa sanaa amekuwa mtaalamu wa wanyama kwa sababu alichora hadi akaelewa. Wale wanaosema sanaa iko upande huu na sayansi upande ule, na mikondo ya shule ikapangwa hivyo, wangekaa na huyo mzee kidogo.

Aliyenijibu zaidi hata hivyo ni Elimo Njau. Alizaliwa Marangu mwaka 1932, akasoma Makerere miaka ya 1950 chini ya Trowell. Mwishoni mwa miaka hiyo alichora picha kubwa kwenye kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Nimeenda kuziona. Kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane, msalaba. Yesu ni mweusi. Milima ni ile unayoiona ukitoka nje ya kanisa. Kumbuka hiyo ni nchi ambayo ilikuwa imetoka tu kuchinjana, damu haijakauka, na watu wa pande zote mbili wanaishi kijiji kimoja. Mchoraji kijana, tena si Mkikuyu, anapewa ukuta. Hakuna noti inayokuambia uchore nini hapo. Ukichora vibaya si alama mbili unapoteza.

Nilikaa kwenye benchi karibu saa moja. Mama mmoja aliyekuwa akifagia akaniuliza kama nimekuja kuomba au kupiga picha. Nikasema vyote viwili.

Mwaka 1965 Njau na wenzake, wakiwemo Hilary Ng'weno, Jonathan Kariara na Pheroze Nowrojee, wakafungua Paa ya Paa hapa Nairobi. Jina ni mchezo wa Kiswahili: paa yule mnyama, na kupaa. Hapo hakukuwa na mtihani. Ilikuwa ni mahali pa kuonyesha kazi, kusoma mashairi, kubishana. Njau alikuwa na msimamo mmoja aliourudia maisha yake yote, kwamba usiige, kwa sababu kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Ukiangalia vizuri ni mafundisho ya veranda, lakini sasa yako mikononi mwa mwanafunzi mwenyewe, na yeye ndiye anaamua chake ni kipi. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi zilizokuwa huko. Hakuna msiba wa kitaifa uliotangazwa.

Maloba naye katikati ya miaka ya 1960 alirudi nyumbani kuongoza idara ya usanifu wa vitu kwenye Chuo cha Nairobi. Huko Kahawa, kambi ya jeshi la Waingereza iligeuzwa kuwa Kenyatta College mwaka 1965, na Terry Hirst akafundisha sanaa pale. Huyo Hirst ndiye baadaye, mwaka 1973, alianzisha na Ng'weno jarida la Joe, lile la vichekesho vya mtu wa kawaida wa Nairobi anayehangaika na landlodi na mshahara. Kila mtu anayechora katuni za siasa Kenya leo amekanyaga njia hiyo, ajue asijue.

Kwa hivyo tulikuwa nayo. Hilo ndilo nilitaka kujua. Ikapotelea wapi?

Hakuna aliyeiua siku moja. 8-4-4 ilipoanza mwaka 1985, sanaa na ufundi vilikuwa kwa mtihani wa darasa la nane. Shangazi yangu ananiambia alisuka kikapu hadi vidole vikatoka malengelenge, na wengine walinunua vikapu sokoni wakapeleka kama vyao. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 2000 sanaa ikatolewa kwenye mtihani ili kupunguza mzigo. Nilipofika mimi, kwenye ratiba kulikuwa na kipindi kimeandikwa Sanaa na hicho kipindi kilikuwa cha hesabu. Kila siku. Hakuna mtu aliyeona ni wizi. Kitu kisichotahiniwa Kenya hakipo, na hiyo mnaijua wenyewe.

Kisha yakatokea maajabu. Waajiri wakaanza kulalamika kwamba vijana hawawezi kufikiria, vyuo vikasikia, na fikra bunifu ikarudi. Ikarudi kama somo la lazima, na noti, na CAT, na alama 10. Tumechukua jina tukaacha veranda.

Najua mtaniambia nini, kwa sababu mamangu ameshaniambia. Trowell alikuwa na watu wachache, si mia mbili. Rangi ni pesa. Na hao wote niliowataja waliishi na nini? Nikaangalia upya na mamangu yuko sahihi kuliko nilivyotaka. Maloba alikula mshahara wa ualimu. Ntiro alikuwa mwalimu, kisha balozi. Njau alifundisha pia. Sanaa yao ilishikiliwa na mishahara ya vyuo vilivyoaminika na serikali changa zilizotaka sura zao zichorwe. Leo idara zinafungwa na malekchara wanagoma. Mimi naishi na matangazo ya video: kuna mwezi naingiza elfu arobaini, kuna mwezi naingiza elfu tatu, na mwezi wa elfu tatu namkopa mamangu. Serikali yenyewe imesema inalenga asilimia 60 ya wanafunzi waende sayansi na hesabu, 25 sayansi ya jamii, na 15 sanaa na michezo. Mdogo wangu anataka kuingia kwa hizo 15, agawane na wachezaji mpira. Siwezi kumwambia mamangu asiogope.

Lakini kuna jambo moja sikubaliani naye, nalo ni kwamba sanaa ni ya aliyeshiba. Mamangu anauza nguo za mitumba. Anaamka saa tisa usiku kwenda Gikomba, beli linafunguliwa, na ndani ya sekunde chache lazima mkono wake ujue ipi ni kamera na ipi ni ya kutupwa. Anaona kola iliyogeuzwa, anaona gauni ambalo likikatwa mikono litauzika kwa wasichana wa chuo. Hajafundishwa na noti. Alifundishwa na mama mwingine aliyemsimamisha kando ya beli na kumuuliza, hii umeichagua kwa nini? Nilipomwambia hivyo alisema nimeanza maneno ya redio.

Basi wiki iliyopita nilifanya jaribio. Jumapili, baada ya chakula, nikamwambia mdogo wangu achukue karatasi na penseli, afunge macho. Nikamwomba mamangu amsimulie jinsi beli linavyofunguliwa asubuhi. Alikataa kwanza, akasema ana nguo za kupiga pasi. Kisha akaanza, polepole, huku anapiga pasi. Giza, tochi za simu, waya zinakatwa kwa koleo, harufu ya dawa inayotoka, wanawake wanasukumana bila kutukanana kwa sababu wote wanajuana. Alisimulia karibu dakika kumi. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuisikia hiyo stori, na nimekula kutoka kwa hayo mabeli maisha yangu yote.

Mdogo wangu alichora mikono tu. Mikono mingi, hakuna sura hata moja, imeingia kwenye nguo kama mizizi.

Mamangu akaweka pasi kando, akaichukua karatasi, akaiangalia kwa muda. Nilidhani atasema ni nzuri, au atasema ni upuzi. Akaweka kidole kwenye mkono mmoja. "Huu si wa mtu wa Gikomba," akasema. "Huu umeshika kama wa mteja. Sisi hatushiki kitambaa na vidole, tunakibana hivi, hapa, tukisikie uzito." Akachukua shati kutoka kwa rundo akamwonyesha. Mdogo wangu akaangalia, akafuta, akachora tena. Mamangu akasema bado. Akafuta tena.

Waliendelea hadi stima ikapotea. Fomu ya kuchagua mkondo iko juu ya kabati, inatakiwa Ijumaa, na sehemu ya sahihi ya mzazi bado haijajazwa.